Mapambo ya Krismasi ya matawi mabichi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kutengeneza mwenyewe shada la mlangoni, koja la kuzungushia mlango au nguzo, au shada la Majilio, kwa matawi yanayopatikana Afrika Mashariki. Karibu kila swali hapa linarudi kwenye jambo moja: tawi likishakatwa halina tena mzizi wa kulinywesha. Kazi yote ni kulijaza maji mapema, kisha kuyachelewesha yasitoke.

Ni miti gani inayofaa?

Msaipresi ndio wa kwanza kuuchagua. Wakenya wengi huuita saiprasi. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini umepandwa kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, mashambani kwa ajili ya mbao na majumbani kama ua. Majani yake ni magamba madogo yaliyolala juu ya kijiti, hayachomi mikono, na vitawi vyake hupinda bila kuvunjika. Ukianza kukauka hupauka polepole kabla ya kupukutika, kwa hiyo unaona dalili mapema.

Msonobari unaopandwa Mufindi na katika mashamba mengi ya Kenya, ule wenye sindano ndefu zilizoinama, unapendeza kwenye koja na kwenye chombo cha mezani. Tatizo ni urefu: sindano zake hufika sentimita 20 na kuzidi, na shada dogo la sindano hizo huonekana kama kichwa kisichochanwa. Utumie kwenye shada kubwa, au uchomeke vitawi vichache tu katikati ya msaipresi.

Mvinje, mti wa Pwani, unafanana na msonobari lakini si wa ukoo wake hata kidogo. Zile zinazoonekana kuwa sindano ni vijiti vyembamba vya kijani vyenye vipingili. Vikikauka, vipingili huachana na sakafu yote hujaa. Barazani unafaa, sebuleni utafagia kila asubuhi.

Vya kujazia nafasi viko vingi. Jani la mgrivea lina rangi ya fedha upande wa chini na hukauka bila kujikunja sana. Machipukizi machanga ya mkaratusi yenye majani ya mviringo yanadumu kuliko karibu chochote kingine. Mtarakwa uuache porini: ni mti wa asili, unakua taratibu, na kuna wenye haja nao zaidi ya pambo la wiki mbili. Maua mekundu ya mkrismasi yanavutia macho mwezi huo, lakini ukiyakata hunyauka siku hiyohiyo.

Naruhusiwa kukata matawi msituni?

Bila kibali, hapana. Misitu ya umma ya Kenya iko chini ya Kenya Forest Service na ile ya Tanzania Bara chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na kukata hata mche mmoja ni kosa.

Njia rahisi ni ua wa jirani. Ua wa msaipresi hupogolewa mara kwa mara na matawi hutupwa, hivyo mwenye nyumba, shule au kanisa mara nyingi atafurahi ukiyachukua. Kwenye shamba la mtu, ukiruhusiwa, usikate kilele cha mti mchanga. Kilele kikiondoka, matawi mawili au matatu ya pembeni hushindana kuchukua nafasi yake, shina hugawanyika, na mbao ya baadaye inashuka thamani. Mwenye shamba huweza kusamehe matawi ya chini, kilele hasamehi.

Nikate wapi kwenye tawi, na wakati gani?

Asubuhi mapema kabla jua halijapanda, maana usiku mti umejaza maji. Chagua matawi ya unene wa penseli, urefu wa sentimita 40 hadi 60, yenye kijani kilichokoza. Ncha changa zenye kijani cha kung'aa zinapendeza zikiwa mtini, ila hazijakomaa na ndizo zinazolegea kwanza.

Kata mahali ambapo nyuma ya mkato bado kuna majani ya kijani. Msaipresi hauchipui tena kutoka kwenye mti mkavu usio na majani. Ukikata hadi huko, umeacha tundu la kudumu kwenye ua wa watu.

Nitajuaje kama matawi yanayouzwa barabarani bado ni mabichi?

Angalia mkato. Ukiwa mweupe na unyevu, yamekatwa jana au leo. Ukiwa wa kahawia na utomvu umeganda juu yake, yana siku kadhaa. Pinda kitawi: kibichi hupinda na kutoa harufu kali, kikavu hukatika kwa mlio. Halafu shika tawi zima ulikung'ute mara mbili. Magamba machache ya kahawia yanayotoka ndani ni ya kawaida. Yakidondoka ya kijani, achana nalo.

Nianze kutengeneza lini?

Inategemea unakoishi kuliko inavyotegemea ustadi wako. Nairobi, Limuru, Arusha au Lushoto, shada la msaipresi lililoandaliwa vizuri hukaa ndani siku 10 hadi 14, na kwenye baraza yenye kivuli linaweza kufika wiki tatu. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hesabu siku 5 hadi 7 ndani, na pungufu ya hapo likiwa chini ya feni. Kiyoyozi nacho hukausha hewa. Usidhani baridi yake ni sawa na baridi ya Limuru.

Kwa hiyo mtu wa nyanda za juu aanze karibu tarehe 14 Desemba, na mtu wa Pwani asiguse mkasi kabla ya tarehe 21. Wanaolalamika kwamba shada limekufa kabla ya sikukuu wengi wao walilitengeneza mapema mno.

Matawi yanaandaliwaje kabla ya kufungwa?

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kila kitu. Tawi la msaipresi likikatwa hutoa utomvu, na utomvu huo hukauka ukaziba mkato. Baada ya saa chache unaweza kulisimamisha kwenye maji na lisinywe chochote.

Ukifika nyumbani, kata upya sentimita 2 hadi 3 kutoka mwisho wa kila tawi na uyasimamishe mara moja kwenye ndoo yenye maji ya kina cha sentimita 15. Toa majani yote yatakayozama, maana yakioza huchafua maji. Weka ndoo kivulini usiku mzima. Asubuhi, zamisha matawi mazima kwenye beseni kubwa kwa saa moja au mbili ili na majani yenyewe yanywe na vumbi la barabarani litoke. Kisha yatoe, yakung'ute, yaache nusu saa yakauke juujuu. Ukifunga yakiwa yanatiririka maji, vitita vitaota ukungu katikati.

Usiponde mwisho wa tawi kwa nyundo, ingawa ushauri huo unasikika sana. Kuponda huharibu mirija ya kupandishia maji na kufanya maji yaoze haraka.

Kama matawi yanasafiri kwa basi, tuseme kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam, yafunge kwenye gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, na gunia liwe kwenye kivuli. Usiyafungie kwenye nailoni: ndani ya plastiki iliyopigwa jua matawi huchemka, na yakifika yananuka badala ya kunukia.

Nahitaji vifaa gani?

Mkasi wa kupogolea, koleo (plaisi), glavu, chupa ya kunyunyizia maji, waya wa fremu na waya wa kufungia. Basi.

Waya wa fremu uwe mgumu, wa milimita 3 hadi 4, unapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kwa fremu yenye upana wa sentimita 30, mzunguko ni sentimita 94. Kata mita 2.1 upate duara mbili zinazolaliana na sentimita 20 za kufungia. Henga ya waya inaweza kutumika, lakini moja peke yake hulegea kwa uzito wa matawi mabichi. Funga mbili pamoja.

Waya wa kufungia ndio unaowasumbua watu. Ule wa kufungia nondo ni mnene mno: hauvutiki ukakaza, na unakata vijiti. Tafuta wa nusu milimita hadi 0.7, au chuna waya wa shaba kutoka kwenye kipande cha waya wa umeme wa zamani usiotumika. Kamba nyembamba ya katani inapendeza na hufunga vizuri siku ya kwanza. Ila vijiti vikikauka hupungua unene, na fundo la katani halikazi tena. Waya unausokota kidogo mambo yakaendelea.

Shada la fremu ya sentimita 30 linatengenezwaje?

Andaa kilo 2 hivi za matawi, mita 7 za waya wa kufungia, na saa moja na nusu kama ni mara ya kwanza.

1. Viringisha fremu nzima kwa ukanda wa kitambaa cha zamani au kipande cha ukili (msuko wa majani makavu ya ukindu). Bila hivyo waya huteleza juu ya chuma na shada lote hujizungusha.
2. Kata matawi kuwa vitawi vya sentimita 12 hadi 15. Utapata kati ya 70 na 90. Vipange kwa urefu kabla ya kuanza.
3. Shika vitawi 4 au 5, virefu nyuma na vifupi mbele, uvifunge sentimita 3 kutoka mwisho kwa mizunguko miwili. Tengeneza vitita 17 hadi 19 vyote kwanza. Ukitengeneza kimoja kimoja huku ukifunga kwenye fremu, vya mwisho huwa vyembamba kwa sababu umechoka.
4. Funga mwisho wa waya kwenye fremu. Laza kitita cha kwanza kikifuata mkunjo wa duara, zungusha waya mara tatu ukiuvuta kwa nguvu. Usikate waya.
5. Laza kitita cha pili kikifunika vijiti vya cha kwanza, sentimita 5 au 6 kutoka hapo. Kimoja kielekee nje kidogo, kinachofuata ndani kidogo, kingine katikati. Endelea hivyo hivyo kuzunguka.
6. Kitita cha mwisho ni kigumu. Inua majani ya kitita cha kwanza, penyeza vijiti vya cha mwisho chini yake, funga mara nne, kata waya na uingize ncha yake ndani isimchome mtu.

Shada likikamilika litakuwa na upana wa sentimita 45 hivi na tundu la sentimita 15 katikati.

Langu limetoka na mapengo, au limekuwa umbo la yai. Kosa liko wapi?

Mapengo hutokea vitita vikitengana zaidi ya sentimita 6, au vikiwa havilingani. Usijaribu kuziba kwa kuchomeka kitawi kimojakimoja, kitadondoka. Funga kitita kidogo cha vitawi vitatu na ukifunge kwa waya wake peke yake.

Umbo la yai ni dalili ya fremu dhaifu. Kama hutaki kuanza upya, funga kijiti cha mwanzi nyuma, usawa wa upana. Hakionekani kutoka mbele. Tundu la katikati likizibika, vitawi vilikuwa virefu: punguza vya ndani kwa mkasi na uache vya nje.

Na kama upande mmoja unavuta chini ukilitundika, liache lijigeuze lenyewe hadi litulie, kisha weka utepe pale juu lilipotulia.

Koja la kuzunguka mlango linahitaji kiasi gani?

Mlango wa kawaida wenye kimo cha mita 2.1 na upana wa sentimita 90 unahitaji mita 5.1, ongeza sentimita 15 kila mwisho, jumla mita 5.4. Usitengeneze kipande kimoja. Tengeneza viwili vya mita 2.7, kila kimoja ukianzia chini, ili ncha za majani zielekee sakafuni pande zote mbili. Mwisho wenye vijiti uchi hukutana katikati juu ya mlango, na utepe au kifungu cha koni hufunika kiungo.

Tumia kamba ya katani ya milimita 6 hadi 8 kama uti wa mgongo. Koja linaloegemea ukuta hufungwa upande mmoja tu: vitita 13 kwa kila mita, yaani 70 hivi kwa mlango mzima. Koja la kuzungushia nguzo au ngazi linaonekana pande zote, kwa hiyo idadi huwa maradufu. Likiwa la kuning'inizwa kwa mikunjo kati ya nguzo na nguzo, ongeza robo ya urefu.

Koja bichi ni zito. Lifunge kwenye misumari au kulabu kila baada ya sentimita 50. Gundi ya karatasi na selotepu hazifiki asubuhi.

Shada la Majilio litakaaje wiki nne?

Halitakaa, na ni bora kulijenga ukijua hivyo. Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, kwa hiyo shada lina kazi ya siku 22 hadi 28. Mchungaji Johann Hinrich Wichern, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa desturi hii, alilitundika Hamburg mwaka 1839, mji wenye baridi ya Desemba. Desturi ilipofika kwa Walutheri na Wakatoliki wa kwetu, joto halikubadilika kuifuata.

Badala ya kufunga kwa waya, tumia sinia. Chukua sinia la chuma lenye ukingo, upana wa sentimita 35, ulijaze mchanga wa mto ulioloweshwa hadi kina cha sentimita 4 au 5. Mchanga wa ufukweni haufai: chumvi yake huzuia vitawi kunywa. Simamisha mishumaa minne minene ndani ya vikopo vya chuma vilivyozikwa mchangani, kisha chomeka vitawi vya sentimita 10 kwa mshazari, sentimita 3 ziingie mchangani, ukianzia ukingoni kuja ndani. Ongeza glasi ya maji kila siku ya pili. Jumamosi kabla ya Jumapili ya tatu, ng'oa vitawi vyote, osha mchanga na uchomeke vipya; ni kazi ya nusu saa. Pwani badilisha kila Jumamosi.

Sinia hili lina faida nyingine mbili: ni zito kiasi kwamba mtoto halipindui kirahisi, na mchanga hauwaki. Kwa Wakatoliki, mishumaa mitatu huwa ya zambarau na mmoja wa waridi, unaowashwa Jumapili ya tatu. Mshumaa wa kwanza utakuwa mfupi kuliko mingine mwishoni, na ndivyo inavyotakiwa.

Naweza kuweka mishumaa, taa za umeme au pamba?

Msaipresi na msonobari vina mafuta ya asili, ndiyo maana vinanukia, na ndiyo maana vikikauka hushika moto kwa kasi ya kutisha. Mwali wa mshumaa uwe juu ya majani kwa sentimita 5 angalau wakati wote, hata mshumaa ukifupika. Maana yake ni kwamba mshumaa huondolewa kabla haujaisha. Usiwashe ukatoka chumbani. Umeme ukikatika, mshumaa wa kuangazia nyumba uwekwe mbali na mapambo, si juu ya meza hiyohiyo kwa sababu ndiko kuliko na kibiriti.

Taa ziwe za LED, kwa kuwa balbu ndogo za zamani hupata joto la kukausha majani yanayozigusa. Kagua waya wa taa kabla ya kununua, na uzime mkilala.

Pamba ya kuigiza theluji ni desturi ya nyumba nyingi, lakini pamba kavu ndicho kitu chepesi zaidi kuwaka kwenye mti mzima. Penye mshumaa au balbu ya joto, isiwepo kabisa. Ukiuliza maoni yetu, kijani kinatosha bila theluji ambayo wengi wetu tunaiona kilele cha Kilimanjaro tu.

Kwa nini matawi yamekuwa ya kahawia ndani ya siku tatu?

Sababu ya kwanza ni mkato ulioziba, kama ilivyoelezwa juu. Ya pili ni mahali: mlango unaopigwa jua la mchana, nyuma ya friji panapotoka joto, karibu na jiko, chini ya feni. Hamisha shada sentimita chache nje ya njia ya upepo wa feni na utaona tofauti. Nyunyizia maji asubuhi na jioni, mbele na nyuma, ukiwa umezima taa.

Sababu ya tatu huanzia mtini. Kuna kidukari wa msaipresi aliyeingia kanda hii miaka ya 1980 na kuonekana Kenya mwaka 1990, akiharibu mashamba na nyua nyingi. Hufyonza utomvu kwenye vijiti, na tawi hukauka kuanzia ndani kuja nje. Ukiona vijiti vinanata na vina masizi meusi, au wadudu wa kijivu-kahawia wamejipanga kwenye kijiti, tafuta mti mwingine.

Sukari, aspirini au gliserini husaidia?

Sukari hulisha bakteria, aspirini haina tofauti ya kuonekana. Maji safi yanatosha. Kwenye ndoo ya lita 10 unaweza kuongeza kijiko kidogo kimoja cha jiki kuzuia maji yasioze. Dawa ya kushikiza nywele, ambayo wengine hunyunyizia, huongeza hatari ya moto, iache.

Gliserini ni habari nyingine, ila kwa majani mapana. Changanya sehemu moja ya gliserini na mbili za maji ya moto, simamisha matawi ya mkaratusi yakizama sentimita 5 hadi 7, uyaache wiki mbili au tatu hadi rangi igeuke kijani cha kijivu au kahawia. Yatabaki laini kwa miezi. Kwa hiyo kazi hii ianze Novemba. Msaipresi hauipokei vizuri.

Ninaongeza nini ili lisiwe kijani kitupu?

Machungwa makavu: kata vipande vya nusu sentimita, vikaushe kwa kitambaa, weka kwenye oveni ya nyuzi 90 hadi 100 kwa saa 3 au 4 ukivigeuza kila saa. Machungwa ya Muheza yana ganda la kijani hata yakiiva, na kipande chake hutoka na ukingo uliofifia, si kasoro. Juani huchukua siku tatu au nne chini ya wavu wa kuzuia nzi, lakini Pwani unyevu hulainisha tena vipande na kuviotesha ukungu, hivyo oveni ni salama zaidi.

Koni za msonobari wetu mara nyingi huwa zimefungwa hata baada ya kuanguka, kwa sababu mti huu huzifungua kwa joto. Zioke nyuzi 100 kwa dakika 45 juu ya karatasi ya zamani ya bati, maana zitatoa utomvu. Zikilowa hujifunga tena, kwa hiyo zifunge kwenye shada mwishoni na usizinyunyizie maji. Vijiti vya mdalasini, pilipili nyekundu kavu na mafungu ya buni nyekundu kutoka shambani vinakaa vizuri, vyote vikifungwa kwa waya wala si kwa gundi.

Rangi ya dhahabu ya kopo ipulizwe kwenye koni na mbegu, nje ya nyumba, siku moja kabla.

Niko Pwani na msaipresi sipati.

Usiuagize kwa gharama. Suka ukili wa ukindu wa vidole vitatu, ukunje duara mbili zikilaliana, ushone kwa uzi: una fremu nyepesi ambayo yenyewe ni pambo. Ifunge mvinje nusu duara tu, chini upande mmoja, na uache ukili mwingine uonekane. Mvinje ukikauka baada ya siku nne unabadilisha nusu hiyo peke yake. Njiti za mnazi zikifungwa kumi kumi hutoa miale mizuri nyuma ya shada.

Utomvu unatokaje mikononi?

Kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Maji peke yake huusambaza. Kwenye mkasi na nguo tumia spiriti. Ngozi ikiwasha au kutoka vipele, vaa glavu na mikono mirefu.

Kuna mimea ya kuepuka?

Mnyaa, hata kama vijiti vyake vya kijani vinashawishi: maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Oleanda, yenye sumu kila sehemu. Na zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, ambazo hutungwa kama shanga: ikitafunwa hata moja ni hatari kubwa kwa mtoto. Karibu na watoto na wanyama, mbegu na matunda yafungwe juu ya kimo chao.

Baada ya sikukuu nifanyie nini matawi?

Mara yakianza kupukutika, yaondoe siku hiyohiyo, hata kama Mwaka Mpya haujafika. Kata waya, uviringishe uutumie mwakani pamoja na fremu. Vitawi vikavu huwasha jiko vizuri lakini hutoa cheche, hivyo weka vichache kwa wakati. Bustanini hufaa kutandazwa juu ya njia. Huoza taratibu mno kwa mboji ya haraka. Usimtupie ng'ombe au mbuzi mwenye mimba: majani ya msaipresi na ya msonobari yana kemikali zinazohusishwa na kuharibika kwa mimba ya mifugo.